Masharti ya Kusaidiwa

Tangazo lilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya chifu, chini ya orodha ya wazee wanaopokea pesa za Inua Jamii, na masharti yake yalikuwa mafupi. Uwe na umri wa miaka 18 hadi 29. Masomo yako yasizidi Kidato cha Nne. Uwe huna ajira, au una kibarua kisicho na uhakika. Uwe na kitambulisho cha taifa na uwe mkaazi wa kaunti. Aliyetimiza hayo angefundishwa ufundi kwa miezi mitatu, apelekwe kwa fundi au kiwandani miezi mitatu mingine, na alipwe posho ya shilingi 6,000 kwa mwezi. Ulikuwa mradi wa serikali, ukijulikana kwa kifupi kama KYEOP, uliogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 150 ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2016. Upande wa mafunzo ulisimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Kati ya kaunti 47 za Kenya zilichaguliwa 17, na Kwale ikawamo.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha injini za magari na za boti katika chuo kimoja cha ufundi huku Kusini mwa Pwani. Kijijini, mwalimu anayeweza kusoma tangazo la serikali hana siku ya mapumziko. Vijana walikuja na simu zao za kabambe mkononi, akina mama wakaja na mifuko ya plastiki yenye vyeti vya watoto, na meza yangu ya karakana, nikiisha kuifuta grisi, ikawa meza ya fomu. Mengi ninayoyajua kuhusu maisha ya vijana wetu niliyajulia pale, nikiwasomea masharti na kuwatazama nyuso zao wanapoyasikia.

Naamini masharti ni lazima yawepo. Nimeona msaada usio na masharti unavyokwenda. Miaka ya nyuma palikuja mpango mmoja wa kazi za mikono ambao haukuwa na tangazo wala fomu. Ulikuwa na daftari tu, daftari lenyewe liko mikononi mwa mtu mmoja, na swali lake ni moja: wewe mtoto wa nani? Waliopata ni wapwa, mashemeji na vijana waliobeba mabango wakati wa kampeni. Mtoto wa mjane asiye na wa kumsemea alizipata habari siku wenziwe walipokuwa wakirudi na makoleo begani. Kwa hiyo nilipoona tangazo linalotaja umri, elimu na makazi, tena likasema kwamba waombaji wakizidi nafasi majina yatapigiwa kura, nilifurahi kwelikweli. Kura haina mjomba.

Baadhi ya wazee walishuku kwamba kura hiyo ni kamari. Ustadhi wa madrasa iliyo jirani nasi akawajibu baada ya swala ya Alasiri: kamari ni mtu kuweka mali yake apate ya mwenzake, na hapa hakuna aliyeweka kitu. Akawakumbusha kura iliyopigwa chomboni ikamwangukia Nabii Yunus, na ile iliyopigwa na waliogombea kumlea Maryam. Wazee wakatulia, na siku ya pili wakawatuma wajukuu zao.

Shida ilianza tulipofika kwenye masharti yenyewe, moja moja, mbele ya mtu halisi.

Sharti la elimu lina historia yake. Mradi uliotangulia, wa mwaka 2010, ambao mafunzo yake yalipitia shirikisho la sekta binafsi KEPSA katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, ulichukua vijana wa miaka 15 hadi 29 waliokuwa wamesoma angalau miaka minane. Yaani ulikuwa na sakafu. Kwa mtu wa Nairobi huenda sakafu hiyo ni ya chini mno hata isionekane. Kwa Kwale ingewaacha nje wasichana wengi walioondoka shule darasa la tano au la sita, na hao ndio wanaohitaji ufundi kuliko wengine wote. KYEOP iliiondoa sakafu ikaweka dari: Kidato cha Nne mwisho. Nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wangu wote. Vijana wenye stashahada na shahada wasio na kazi ni wengi nao wana uchungu wao, lakini mlango mmoja ukiachwa wazi kwa wote, wao ndio wanaoingia kwanza, kwa sababu wanajua kuandika barua, wana barua pepe, na hawaogopi maofisa.

Hata hivyo dari nayo ina pembe zake. Alinijia msichana wa Gazi aliyekuwa ameanza cheti cha ualimu wa chekechea, karo ikamshinda akarudi nyumbani kabla ya kumaliza mwaka. Fomu ilimuuliza kiwango chake cha juu cha elimu. Akaishika kalamu muda mrefu.

"Mwalimu, nikiandika Kidato cha Nne si nitakuwa nimesema uongo?"

"Una cheti cha chuo?"

"Sina. Nina risiti."

Tulikwenda pamoja kumuuliza ofisa wa mradi, naye akasema kinachohesabiwa ni kilichokamilika. Akaandika Kidato cha Nne, jina likapigiwa kura, likatoka. Alisomea ushonaji. Nimewaza mara nyingi juu ya wengine wa aina yake ambao walisoma sharti lile kwenye simu, wakiwa peke yao, na kwa uaminifu wao wakajitoa wenyewe.

Serikali inatumia elimu kama kipimo kwa sababu haina njia ya kuupima umaskini moja kwa moja. Huko Marekani kuna mpango wa zamani unaoitwa Job Corps, ulioanzishwa mwaka 1964, na wenyewe huuliza kipato cha familia, maana kule kila mtu ana karatasi za kodi za kuonyesha. Hapa kwetu nani ana hati ya mshahara? Baba anavua, mama anasuka makuti, kaka anaendesha boda boda ya mtu. Lakini jambo moja la Job Corps nalitamani. Baada ya kipato, sheria yao inataja hali za maisha zinazomfungulia mtu mlango: aliyeacha shule, asiye na makao, aliyelelewa na serikali nje ya familia yake, na kijana ambaye tayari ni mzazi. Kule kuwa na mtoto ni sababu ya kupokewa. Kwenye meza yangu walikuja wasichana wenye watoto mgongoni, wakatimiza masharti yote, wakachaguliwa, na baadhi yao wakaacha kabla mafunzo hayajashika kasi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewauliza mtoto atabaki na nani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi.

Sharti la kutokuwa na ajira lilinifunza zaidi kuliko yote. Siku moja karani aliyekuja kuandikisha alimuuliza msichana mmoja, "Unafanya kazi?" Akajibu kwa fahari, "Ndiyo, nafanya." Kalamu ikaandika. Nilikuwa nimeketi kando, nikaomba ruhusa nimuulize mimi.

"Kazi gani, mwanangu?"

"Nauza viazi karai jioni, pale stejini."

"Siku njema unabaki na ngapi?"

"Ukitoa mafuta, unga na makaa, mia mbili. Mvua ikinyesha sipati kitu."

"Na mtaji ni wako?"

"Wa shangazi."

Karani alikuwa kijana muungwana. Akafuta, akaandika upya, maana masharti yenyewe yalikuwa yanamruhusu: mwenye kibarua kisicho na uhakika alikuwa ndani ya mradi tangu mwanzo. Kosa lilikuwa kwenye swali. Watoto wa maskini huku Pwani hulelewa wakijua kwamba kukaa bure ni aibu. Ukimuuliza msichana kama ana kazi, unamuuliza kama ni mvivu, naye atakukatalia uvivu kwa nguvu zake zote. Wakati huohuo yuko mvulana ambaye kakake yuko Qatar na humtumia pesa kila mwisho wa mwezi. Huyo husema "sina kazi" bila kusita, na maneno yake ni ya kweli kabisa. Kwa swali lile la ndiyo na hapana, aliyekusudiwa alikuwa karibu kufungiwa nje na asiyekusudiwa kuingia, na wote wawili wamesema ukweli. Tangu siku ile niliacha kuwauliza vijana kama wana kazi. Niliwauliza siku zao wanazipitishaje tangu asubuhi, na majibu yakaja yenyewe: kuteka maji, kuokota pweza maji yakitoka, kumsaidia fundi bila malipo, kungoja.

Sasa kitambulisho. Hapa nitakaa kidogo.

Shimoni kulikuwa na kijana wa Kipemba aliyekuwa akija karakanani kwangu bila kuandikishwa. Mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa na adabu na mikono myepesi, nikamwacha aje. Aliijua injini kwa sauti. Siku moja ililetwa Yamaha ya nguvu za farasi 40 iliyokuwa ikizima kila ikifika kina kirefu. Wanafunzi wangu walikuwa wameshaifungua kabureta, wameisafisha, wameirudisha, na ugonjwa uleule. Tukaiwasha ndani ya pipa la maji. Yeye akaweka kiganja kwenye tundu dogo ambapo maji ya kupozea injini hutokea, akakiacha pale, akasema, "Si mafuta haya, mwalimu. Maji hayapandi." Tukafungua mguu wa injini, tukaitoa pampu, na ile raba ya ndani yenye mabawa ilikuwa imeliwa na mchanga, mabawa mawili hayapo kabisa. Injini ilikuwa ikichemka na kujizima yenyewe.

Kijana huyo hakuweza kuomba nafasi ya mradi wowote. Alizaliwa Kwale, mama yake alizaliwa Kwale, lakini babu zake walitoka kisiwani Pemba. Wapemba walifuata samaki kwenye pwani hii tangu kabla ya uhuru, na wengine walikimbilia huku baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Kenya haikuwaandika. Baba asiye na kitambulisho huzaa mtoto asiye na kitambulisho, kwa sababu jambo la kwanza ambalo msajili humtaka kijana alete ni nakala za vitambulisho vya wazazi. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako. Bila laini hakuna M-Pesa, na posho hulipwa kwa simu. Hata leseni ya kuvua bahari aliyozaliwa kando yake ilikuwa ya mtu mwingine. Kama kuna kijana wa Kenya aliyekuwa na haki ya kuitwa mhitaji, ni yeye, na uhitaji wake wenyewe ndio uliomzuia kuuthibitisha.

Wala si Wapemba peke yao. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walioletwa kutoka Msumbiji walifanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, iliwabidi waanze safari ya miguu kuelekea Nairobi mnamo Oktoba 2016 ndipo wakatambuliwa kuwa raia. Wapo pia Wadigo na Waduruma ambao uraia wao haubishaniwi na mtu, ila walizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, cheti cha kuzaliwa hakikukatwa, baba alikwenda zake, na mama hana nauli ya kwenda ofisi ambayo kila safari humwambia karatasi moja imepungua. Kijana wa namna hii hushika kadi ya kusubiri miezi na miezi. Dirisha la maombi ya mradi hufunguliwa kwa wiki chache.

Naelewa kwa nini kitambulisho kinatakiwa. Fedha ni za mkopo, hesabu zitakaguliwa, na mtu mmoja asipofungwa kwa namba moja atajiandikisha mara nne. Ninachouliza ni nani abebe mzigo wa kukipata. Ofisi inayomtaka kijana awe na kitambulisho na ofisi inayompa kitambulisho zote ni za serikali moja. Hakuna sababu ya msajili kutokuketi kwenye meza ya pili siku ileile ya uandikishaji, na yule mwenye kadi ya kusubiri akapokewa kwa masharti, posho yake ikawekwa mpaka kitambulisho kitoke.

Januari 2023 serikali ilitangaza katika gazeti rasmi kwamba Wapemba ni jamii mojawapo ya Kenya, na vitambulisho vikaanza kutolewa. Shimoni palikuwa na furaha ambayo sitaisahau. Wazee waliokuwa wameishi miaka yote wakiwakwepa askari walipanga foleni wakiwa wamevaa kanzu za Idi. Kijana wangu alipata cha kwake. Mama yake alikuwa akihesabu kuzaliwa kwake kwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudishwe, nayo kadi ikaandikwa Desemba 1992. Mwezi mmoja kabla ya tangazo lile la gazeti alikuwa ametimiza miaka 30.

Kila sharti, ukilitazama peke yake, lina hoja. Nimezieleza hoja hizo na nyingine nimezitetea. Lakini wanaoyaandika masharti huyatazama moja moja mezani, na sisi tunaona yanavyokutana juu ya mtu mmoja. La kitambulisho lilimchelewesha miaka 12 tangu alipofikisha 18. La umri likamwambia amechelewa.

Huo umri nao una mambo. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 260, inasema kijana ni aliyefikisha miaka 18 na hajafikisha 35. Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, huchukua wa 18 hadi 24. Kazi Mtaani ya mwaka 2020, ile ya kusafisha mitaa wakati wa korona, ilichukua hadi 35. KYEOP ikaishia 29. Mtu yuleyule ni kijana katika ofisi moja na mzee katika ofisi ya jirani. Najua pesa hazitoshi na pa kukata lazima papatikane. Ila mkato huo hauwaangukii wote sawasawa. Unawaangukia wanawake walioolewa mapema ambao hupata nafasi ya kutoka nyumbani mtoto wa mwisho anapoanza shule, na kwa wengi huo ni umri wa miaka 30 au zaidi. Unawaangukia wale ambao tarehe zao za kuzaliwa zilikisiwa. Nilimjua mmoja aliyeongezewa miaka miwili na wazee wake ili apate kitambulisho mapema aingie kazi hotelini Diani, akalishe nyumba. Korona ilipofunga hoteli mwaka 2020 aliachishwa. Umri wake wa kweli ulikuwa 28, na kadi ikasema 30. Miaka aliyoikopa kwa ajili ya familia alidaiwa siku hiyo.

Na masharti yanaweza kulegezwa, hilo tumeliona. Mradi uliofuata, NYOTA, umeenea kaunti zote 47, unaombwa kwa kubonyeza *254# kwenye simu yoyote, hata kabambe, na umeongeza umri hadi 35 kwa wenye ulemavu. Mwanamke mmoja wa Msambweni anayetembelea mkongojo alinipigia simu nimsomee sharti hilo mara ya pili, kwa sababu alizoea kusikia kwamba mambo ya vijana yamempita. Kama umri unaweza kuongezwa kwa aliyecheleweshwa na mwili wake, unaweza kuongezwa pia kwa aliyecheleweshwa na serikali yenyewe. Hesabu ni rahisi: miaka ambayo mtu aliomba kitambulisho akanyimwa itolewe kwenye umri wake. Kumbukumbu za maombi hayo zimo ofisini mwa msajili, na pale zisipokuwamo, wazee wa mtaa na walimu wapo.

Yule wa Shimoni hakuingia mradi wowote. Alipopata kitambulisho alinunua laini kwa jina lake mwenyewe, kisha tukamwandikisha mtihani wa ufundi wa serikali, Daraja la Tatu, ambao hauangalii kama mtu amevuka 29. Alifaulu. Ana kibanda chake karibu na gati, ana spana zake, na manahodha humletea injini hata kutoka Vanga. Sasa tunamwandalia jambo jingine. Miradi hii huwatumia mafundi wa jua kali kuwafundisha vijana, na kwa fundi anayepokea wanafunzi kinachotazamwa ni ujuzi, vifaa na mahali pa kufanyia kazi. Ujuzi anao, vifaa anavyo. Kibanda tunakiongeza upande wa nyuma, mabati yameshafika, na wapo vijana watatu kutoka Wasini ambao tayari wanamuuliza lini ataanza kupokea. Mmoja wao, msichana wa miaka 19, hana kitambulisho. Jumatatu ninafuatana naye na mama yake kwa msajili.